Mama Kufuli na skrini ambayo haikuzimwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Kufuli anachomoa waya kwenye kisanduku cha kijivu, anatulia kidogo, kisha anauchomeka tena. Skrini iliyo mbele yake inaonyesha vitanda kumi na viwili. Chumbani hamna mtoto hata mmoja. Mapigo ya moyo yanayopita kwenye skrini yanatungwa na kompyuta nyingine iliyowekwa chini ya meza. Anachomoa waya wa pili, anauchomeka.

Kazi yake asubuhi hii ni kuikwamisha programu ambayo yeye mwenyewe ameitengeneza. Amejaribu wiki nzima na imekataa.

"Ikikwama leo nitashukuru," anasema bila kuinua macho. "Afadhali inikwamie mimi kuliko imkwamie sista."

Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya majokofu. Ina madirisha mawili, moja halifunguki. Kampuni ina wafanyakazi saba, na inatengeneza visanduku vinavyopima pumzi na mapigo ya moyo ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, pamoja na skrini kubwa inayokusanya vipimo vya vitanda vyote mahali pamoja ili muuguzi mmoja aweze kuviona kwa mpigo.

Jina la Mama Kufuli alipewa na wenzake kazini, nalo likamfuata hadi mtaani, ambako lilieleweka vingine.

"Jirani alikuja Jumapili na kufuli la geti lililoliwa na kutu," anasimulia. "Akaniambia, 'Mama, nimeelekezwa kwako, wewe ndiye fundi.' Nikamwambia, jirani, makufuli yangu hayashikiki. Akanitazama kama mtu aliyenikuta nimelewa. Basi nikachukua mafuta ya cherehani ya wifi yangu nikalipaka. Likafunguka! Sasa wanakuja wengi."

Makufuli anayoyashughulikia yamo ndani ya programu ndogo iitwayo kiunganishi. Watu wengi wa kompyuta humaliza miaka yao kazini bila kukigusa.

Programu kubwa haihifadhiwi ikiwa nzima. Imekatwa vipande, na vingine hutumiwa na programu nyingi kwa pamoja: kimoja kinachora herufi, kingine kinasoma saa, kingine kinaelewa lugha ya kifaa fulani. Programu inapowashwa, kiunganishi hutangulia. Kinavitafuta vipande hivyo, kinavipakia, kinaviunga. Programu ikihitaji kipande kipya katikati ya kazi, kiunganishi ndicho kinachoitwa tena.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba ndani ya programu moja huwa kuna kazi nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Mafundi huziita nyuzi. Kwenye skrini ya wauguzi, kila kitanda kina uzi wake unaopokea vipimo, na uzi mmoja ndio unaochora kila kinachoonekana. Nyuzi mbili zikiingia pamoja kwenye kumbukumbu za kiunganishi na kuzibadilisha, kumbukumbu zitavurugika. Ndiyo sababu kuna kufuli. Anayeingia anafunga, anafanya lake, anafungua. Wengine wanangoja mlangoni.

"Mimi na yeye wote tunakula kwa nyuzi," anasema wifi yake, fundi cherehani anayeishi nao na ambaye cherehani yake imechukua nusu ya sebule. "Tofauti ni kwamba za kwangu zikikatika naziona. Za kwake zikikwama hazionekani, ila kaka yangu analala njaa."

"Kaka yako ana mikono," anajibu Mama Kufuli.

"Anayo. Ya kushikia rimoti."

Wifi huyo ndiye aliyemlea mtoto wa Mama Kufuli kwa miaka mitatu, wakati mama alipokuwa akirekebisha printa za maofisi mchana na kusoma jioni. Alipopata kazi hii ya sasa, mshahara wa miaka miwili ya kwanza ulikuwa nusu ya aliokuwa akiupata kwenye printa. Ada ya mtoto ilitoka kwenye sare za shule zilizoshonwa sebuleni.

"Ana ulimi, wifi yangu," anasema. "Lakini sijawahi kumsikia akinisimanga kwa hilo. Angetaka, angenisimanga kila siku."

Mwaka jana kampuni iliweka skrini yake ya kwanza katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ya rufaa. Kabla ya hapo, wauguzi wawili wa zamu moja walikuwa wakizunguka vitanda kumi na viwili, wakisimama kwa kila mtoto na kurudi mwanzo. Skrini iliwawezesha mmoja kubaki mezani na mwingine kuwa na mikono huru kwa mtoto mwenye shida.

Kisha skrini ikaganda.

Programu ya aina hii ikikwama, haizimi wala haiandiki kosa. Inabakiza namba za mwisho ilizozichora. Kitanda cha tano kikiwa kimeonyesha mapigo mia moja arobaini na mbili, kitaendelea kuonyesha mia moja arobaini na mbili.

"Skrini iliyoganda inafanana kabisa na skrini iliyotulia," anasema sista mkuu wa wodi hiyo, mwanamke mrefu anayevaa saa mbili, moja mkononi na moja kifuani. "Mara ya kwanza nilisema moyoni, leo watoto wametulia, Mungu asante. Halafu nikaona saa ya ukutani inakwenda na ya kwenye skrini haiendi."

Visanduku vya kitandani viliendelea kupima na kulia vyenyewe, na hakuna mtoto aliyedhurika. Sista mkuu alitaka jambo hilo liandikwe wazi.

Muuguzi wa zamu alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alizima, akawasha. Skrini ikafufuka. Ilitokea hivyo mara nne katika miezi mitano, na mara zote nne ikazimwa na kuwashwa kabla ya simu kupigwa.

"Nilikuwa naambiwa, 'Fundi, ilikwama, tukazima, tukawasha, iko sawa,'" anasema Mama Kufuli. "Hiyo 'iko sawa' ndiyo iliyonimaliza."

Programu iliyokwama bado ina kila kitu ndani yake. Anayejua pa kutazama ataona uzi upi umeshika kufuli, uzi upi unangoja, na unangoja nini. Ikizimwa, vyote hivyo vinapotea mara moja, na inayowashwa ni programu mpya isiyojua lolote. "Ni kama kufika kwenye ajali ukakuta barabara imeshafagiliwa," anasema. Ofisini aliichomoachomoa mitambo kwa wiki kadhaa akitaka kosa lirudi. Halikurudi.

Baada ya mara ya nne, uongozi wa hospitali uliiandikia kampuni: skrini ikiganda tena, itaondolewa, na wodi itarudi kwenye utaratibu wa zamani. Hospitali nyingine mbili zilizokuwa zimeahidi kununua zikasema zitasubiri kwanza.

Mama Kufuli alikwenda wodini kuomba kitu ambacho alijua hakiombeki.

"Sista, ikikwama tena, naomba msiizime. Nipigieni nije."

"Unaniomba niiache mashine iliyokufa ukutani, na watoto wamo wodini?"

"Ndiyo, Sista."

"Wewe una mtoto?"

"Ninaye mmoja."

"Aliwahi kulala humu?"

"Hapana."

"Kaa hapo kwanza," sista mkuu akamwambia, akaenda kubadilisha dripu ya kitanda cha mwisho.

Aliporudi alikuwa ameshaamua. Kinachomsumbua, alisema, si mashine iliyokufa. Ni mashine iliyokufa ambayo muuguzi aliyechoka anaweza kuitupia jicho na kuiamini. Kwa hiyo ikiganda, mtu wa kwanza kuona ataifunika kwa shuka. Muuguzi mmoja ataazimwa kutoka wodi ya jirani, na wote watapima kwa mkono, kitanda kwa kitanda, mpaka fundi amalize. Daktari wa wodi alikubali kwa sharti moja: mtoto yeyote akibadilika, fundi atoke.

"Na nilimwambia fundi," anaongeza sista mkuu, "'ukija hapa ukaanza kujikuna kichwa, naizima mwenyewe.'"

Walijua wote wawili kwamba mara ya tano inaweza kuwa ya mwisho. Sista angeweza kuizima kimya kimya na uongozi usijue lolote. Hakufanya hivyo.

Simu ilikuja Jumanne mchana. "Mgonjwa wako amezidiwa," sista mkuu alisema. "Tumemfunika. Hatujamgusa. Njoo."

Mama Kufuli alikuta skrini imefunikwa kwa shuka la kijani la chumba cha upasuaji, ncha zake zimebanwa kwa plasta. Wauguzi watatu, sista mkuu akiwa mmoja wao, walikuwa kwenye vitanda, kila mmoja ameweka vidole viwili kwenye kifua cha mtoto na macho kwenye saa. Hawakuwa wakizungumza, kwa sababu anayehesabu pumzi za mtoto mchanga akijibu swali hupoteza hesabu.

"Sikuwatazama watoto," anasema. "Ningewatazama nisingeweza kusoma kitu. Niliingia chini ya meza."

Huko chini aliunganisha kompyuta yake na mtambo, akaanza kusoma uzi mmoja baada ya mwingine. Muuguzi aliyeazimwa, akipita na bomba la sindano, alisimama karibu na miguu yake.

"Unatafuta nini huko?"

"Natafuta nani ameshika na nani anangoja."

"Hapa kwetu anayeshika ni mhasibu," muuguzi akasema. "Wanaongoja ni sisi. Ungeuliza tu."

Vicheko vilisikika kwenye vitanda viwili. Kwenye kitanda cha tatu muuguzi alisonya, akaanza kuhesabu upya.

Alichokiona Mama Kufuli chini ya meza kilikuwa hiki. Dakika chache kabla, muuguzi alikuwa amechomeka kipimo cha aina mpya kwa mtoto aliyetoka kuletwa. Uzi wa kitanda hicho ukakiita kiunganishi kipakie kipande kinachoelewa kipimo hicho. Kiunganishi kikafunga kufuli, kikapakia kipande, na kabla ya kufungua, kikakiruhusu kipande kijitayarishe. Katika kujitayarisha, kipande kikaomba kitengewe nafasi kwenye skrini. Hiyo ni kazi ya uzi unaochora.

Wakati huohuo uzi unaochora ulikuwa ukijaribu kuchora alama ya njano ya tahadhari, kwa mara ya kwanza tangu mashine iwashwe. Kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza, ulihitaji kukiuliza kiunganishi alama hiyo inachorwa na kipande kipi. Ukaenda mlangoni, ukakuta pamefungwa.

"Ni kama mama aliyeshika ufunguo wa stoo," anaeleza. "Anamwambia binti, 'Niletee ndoo, nikishaipata nitakupa ufunguo.' Binti anajibu, 'Ndoo imo stoo.' Basi watasimama hapo. Hakuna mwenye hasira, hakuna mwenye kosa, na hakuna chakula kitakachopikwa."

Nyuzi za vitanda vingine, kila moja ilipohitaji kitu kwa kiunganishi, zilikwenda kupanga mstari nyuma ya binti.

Ilikuwa wazi sasa kwa nini kosa halikurudi ofisini. Lilihitaji kipimo kipya na alama ya njano ya kwanza vikutane katika sehemu ndogo ya sekunde. Mama Kufuli alikuwa akichomoa na kuchomeka kwenye mashine ambayo alama ya njano ilikwishachorwa tangu asubuhi. Uzi unaochora ulikuwa umeshapata jibu lake na haukuwa na sababu ya kwenda mlangoni tena.

Alichukua nakala ya kila kitu. Akaihakiki. Akachukua ya pili. Kisha akatoka chini ya meza.

"Sista, sasa zima."

Sista mkuu alibandua plasta, akalikunja shuka pembe kwa pembe, ndipo akabonyeza kitufe. Kisha akamwuliza, "Umempata?"

"Nimempata."

"Basi nenda. Na ufute vumbi hilo mgongoni, hii ni wodi ya watoto."

Mama Kufuli alilifuta vumbi kwenye ngazi, nje ya wodi.

Jioni hiyohiyo aliweka kiraka cha muda: kiunganishi kitafute majibu yote mwanzoni, mashine inapowashwa, ili pasiwe na uzi utakaokwenda kuuliza katikati ya kazi. Skrini iliyokuwa ikichukua sekunde nne kuwaka sasa ikachukua kumi na moja. Sista mkuu alisema sekunde saba hizo anazo.

Tiba yenyewe ilichukua wiki tatu. Kiunganishi hicho hakikuandikwa na kampuni. Ni cha wazi, kinachotumiwa na yeyote, na sehemu ile iliandikwa na mtu ambaye hawamjui, enzi ambazo programu nyingi zilikuwa na uzi mmoja tu. "Kwa siku zile alikuwa sahihi," anasema Mama Kufuli. "Ukiwa peke yako nyumbani, ufunguo ukae kwa nani?"

Kiini cha tiba ni kuufungua mlango kabla ya kipande kuanza kujitayarisha. Ilionekana rahisi mpaka ikafika kwa mwenzake anayekagua kazi zote kabla hazijatoka. Wanamwita Hapana.

"Umetoa ufunguo, sawa," Hapana alimwambia. "Sasa uzi mwingine ukiingia ukakuta kipande hakijamaliza kuvaa?"

"Utangoja kivae."

"Nani kauambia ungoje?"

Mama Kufuli aliisoma upya kazi yake.

"Basi hapana," akasema Hapana.

Alirudi na alama inayowekwa juu ya kila kipande kinachojitayarisha, ili anayekihitaji kipande hicho angoje, na wengine wote waendelee na shughuli zao. Hapana akauliza itakuwaje kipande kikishindwa kuamka. Akarudi tena. Hapana akauliza itakuwaje vipande viwili vikihitajiana wakati vyote vinavaa.

"Nilitamani kumpiga na kibodi," Mama Kufuli anasema. "Lakini maswali yake yote matatu yangetokea wodini. Yangeulizwa na skrini badala yake. Namshukuru, ingawa sijamwambia."

Hapana, aliyekuwa amekaa meza ya pili, aliinua kichwa. "Nimesikia."

"Hapana, hujasikia."

Uongozi wa hospitali uliwaita watu wa kampuni na wa wodi. Skrini ilikuwa imeganda mara ya tano na uamuzi ulikwishatajwa kwenye barua ile. Mama Kufuli alikuwa ameandaa maelezo ya nusu saa. Sista mkuu aliomba kusema kwanza, na kwa mujibu wa watu wawili waliokuwepo, alisema kwa muda mfupi sana.

"Mara nne tulizima na hatukujua kitu," alisema. "Mara ya tano tulifanya kazi kwa mikono mpaka migongo ikauma, na sasa tunajua. Mkiiondoa leo, mtakuwa mmeiondoa pale tu tulipojua. Kama ni kuiondoa, mngeiondoa kabla hatujaumiza migongo."

Walipewa miezi mitatu ya majaribio. Ilikwisha wiki mbili zilizopita. Skrini haikuganda hata mara moja, kipimo cha aina mpya kimechomekwa kila siku, na barua ya hospitali inasema itabaki. Vitanda sita vya chumba cha pili vitaongezwa. Moja ya zile hospitali mbili imeshapiga simu.

Rekebisho lenyewe limepelekwa kwa mafundi wanaotunza kiunganishi hicho kwa ajili ya wote, na wamelipokea. Kwa desturi ya kazi hiyo, chini ya maelezo huandikwa jina la aliyeligundua kosa. Mama Kufuli aliandika majina ya wauguzi wote wanne wa Jumanne ile, akianza na aliyeazimwa.

"Mmoja wa mafundi hao akaniandikia kuuliza kama hawa wanne ni waandishi wa programu. Nikamjibu, hapana, hawa ndio waliohesabu pumzi nikiwa chini ya meza. Hakuuliza tena. Aliyaacha."

Wauguzi walipoonyeshwa majina yao, mmoja aliuliza kama kuna posho. Alipoambiwa hamna, alisema hata hivyo wamtumie picha.

Mchana unaingia na Mama Kufuli bado anachomoa na kuchomeka. Anapanga, mwaka huu, kuiandika upya sehemu ya kiunganishi inayojibu maswali, ili anayekuja kuuliza tu asihitaji kufungiwa mlango kabisa. Hapana amekwisha kumwambia haiwezekani. Kwa desturi ya ofisi hii, hilo linamaanisha mazungumzo yameanza.

"Nataka uzi unaochora usimngoje mtu yeyote, siku yoyote," anasema. "Sista hajui kiunganishi ni nini na sina haja ajue. Nataka ainue macho, aone namba, aziamini, arudi kwa mtoto."

Sista mkuu alipofikishiwa maneno hayo alikuwa akinawa mikono. Alimaliza kwanza, akakausha kidole kimoja kimoja.

"Mwambie nitaziamini," alisema. "Ila mtoto nitamgusa vilevile."